Kilo 52 miezi minne mfululizo: faili la bibi linasema uongo, nifanyeje?

Swali: "Dokta shikamoo. Mi ni nesi, nasimamia wahudumu kwenye nyumba binafsi ya kulelea wazee huku Dar, tuna wazee 19. Wiki iliyopita mtoto wa bibi mmoja kaja toka Mwanza, alikuwa hajamuona mama yake toka mwaka mpya, akaanza kulia palepale anasema mama kabaki mifupa. Tukafungua faili tumuonyeshe. Uzito Januari kilo 52, Februari 52, Machi 52, Aprili 52, na chakula kila siku imeandikwa 'amekula vizuri'. Jioni ile nikampima mwenyewe nikapata 46.5. Sasa meneja anataka nirekebishe ile miezi ya nyuma ili namba zishuke taratibu, na mhudumu mmoja anasema uzee ndo unakondesha hamna la ajabu. Nimechanganyikiwa. Nitumie fomu gani, na nitajuaje kwamba ninachoandika ni kweli?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza niweke sawa, mi siyo daktari, ni mtaalamu wa lishe, ila nimeshaitwa dokta na bodaboda mpaka na wauza mboga sa hivi nimeacha kubisha. Halafu pole, maana kufungua faili ukijua litakutetea, likaja likakuumbua mbele ya ndugu wa mzee, siyo jambo dogo. Umeniuliza fomu na namba na nitakujibu yote, lakini naanza na bibi, faili linaweza kusubiri, yeye hawezi.

Chukua kalikuleta. Kutoka 52 mpaka 46.5 zimepungua kilo 5 na nusu, gawanya kwa 52 unapata karibu asilimia 10.6. Kwa mzee huwa tunashtuka akipoteza asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, au 7.5 ndani ya miezi mitatu, au 10 ndani ya miezi sita, na bibi yako hiyo 10 kaivuka ndani ya minne. Lakini ngoja kidogo. Hesabu yote hiyo imesimama juu ya ile 52 ya Januari, na hatujui kama alipandishwa kwenye mizani kweli au nayo ilitoka hewani. Na we mwenyewe ulimpima jioni, ameshakula, amevaa, na mikono labda inakutetemeka kwa ile kasheshe. Kwa hiyo kesho asubuhi mpime tena, akishatoka chooni kabla hajanywa chai, uandike. Ila usiifanye hiyo kuwa sababu ya kumchelewesha, kwa sababu jicho la mtoto wake nalo ni kipimo, gauni linalopwaya ni kipimo, pete iliyozungushiwa uzi isidondoke ni kipimo, na vyote vinasema kitu kimoja.

Aonwe na daktari ndani ya wiki hii. Mzee anayekonda hivyo anatafutiwa sababu, haletewi tu uji mzito halafu basi. Kuna TB ambayo kwa wazee mara nyingine haikohoi kwa kelele, kuna sukari, tezi ya shingo, saratani, sonona, kuna meno bandia yaliyokuwa yanamkaa sawa akiwa na mwili na sasa yanacheza mdomoni, kuna dawa zinazoua hamu ya kula (metformin ni mojawapo, wazee wengi wa sukari wanaimeza), kuna choo kigumu cha siku tano ambacho hakuna aliyemuuliza. Na usisubiri hata wiki kama anakohoa kila akimeza, ameanza kuchanganyikiwa ghafla, ana homa, mkojo umekuwa kidogo na mweusi, miguu imevimba na anahema, au kwa siku tano na zaidi hajala kitu cha maana. Hiyo ya mwisho nisikilize vizuri, mtu aliyekaa na njaa siku nyingi ukimjaza chakula kwa mkupuo kwa huruma unaweza kumuua, chumvi muhimu kwenye damu kama fosfeti na potasiamu zinakimbilia ndani ya seli mara moja, na moyo unayumba. Huyo analishwa taratibu hospitali, chini ya macho ya wataalamu.

Sasa huyu mhudumu anayesema uzee unakondesha. Usimgombeze, wengi tunaamini hivyo, tumelelewa tukiona bibi zetu wanasinyaa. Na ana robo ya ukweli, ukizeeka hamu inapungua, ulimi hauonji kama zamani, tumbo linashiba mapema, misuli nayo inapungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Lakini kilo tano kwa miezi minne siyo uzee, ni ugonjwa au njaa au vyote viwili. Mzee akikosa chakula mwili unakula misuli yake mwenyewe, na ile misuli ndo akiba anayoitegemea siku akipata nimonia au akivunjika nyonga. Kijana akiugua malaria akakonda, mwezi ujao amerudi. Mzee akishuka mara nyingi harudi alipokuwa, na anaposhuka tena anaanzia chini zaidi. Halafu anaanza kushindwa kunyanyuka kitandani mwenyewe, ngozi ya mgongoni inachanika, mnaanza kuhangaika na vidonda, na kidonda nacho kinadai protini ambayo hana. Ndo maana tunataka tumkamate kwenye kilo mbili za kwanza, na hapo hamna dawa wala mashine inayosaidia zaidi ya namba iliyoandikwa kwa ukweli kila mwezi.

Kwa meneja jibu ni hapana, na mwambie kwa heshima lakini mwambie. Ukitengeneza mstari unaoshuka taratibu utakuwa umetoka kwenye uzembe ukaingia kwenye kughushi, tena utakuwa umemdanganya daktari atakayesoma hilo faili akaamini bibi alianza kupungua Februari wakati hujui. Zile 52 ziache zilivyo. Chini yake andika tarehe ya leo, andika kwamba vipimo vya Februari mpaka Aprili havina uhakika, inaonekana vilinakiliwa, weka kipimo kipya, saa, mizani gani, jina lako na sahihi. Hata siku za kawaida kosa kwenye faili linakatwa kwa mstari mmoja tu ili la chini lisomeke, pembeni unaandika sahihi na tarehe, hakuna kuchana karatasi wala wino mweupe wa kufutia. Na kama mwezi fulani hakupimwa, acha wazi uandike kwa nini: alikuwa hospitali, alikataa, mizani haina betri. Nafasi iliyo wazi inamwambia daktari hatujui, naye ataanzia hapo. 52 ya kunakili inamwambia tunajua, na ndo hiyo iliyomkondesha bibi wakati wote mmetulia.

Halafu usianze kutafuta mchawi. Mi nimeshakaa na wahudumu wengi, najua 52 inavyozaliwa. Ni tarehe 30, mtu yuko peke yake na wazee 19, wawili wamejikojolea, mizani iko stoo chini ya mabeseni, na fomu yenyewe imechorwa hivi kwamba namba ya mwezi uliopita iko palepale pembeni inamkonyeza. Nani hatanakili? Kwa hiyo badilisha fomu kabla hujabadilisha mtu. Kuwe na karatasi ya kupimia isiyo na namba za zamani, jina tu na nafasi, wapime wawili, mmoja anamshika mzee mwingine anasoma kwa sauti na kuandika. Wakimaliza ndo mnahamishia kwenye faili na kulinganisha, na yeyote aliyebadilika kilo 2 au zaidi, kupanda au kushuka, anarudishwa kwenye mizani siku hiyohiyo.

Mizani yenyewe sasa. Kuna nyumba moja niliitwa kwa sababu wazee karibu wote walikuwa wamepungua kilo mbili mpaka tatu kwa mwezi mmoja, mwenye nyumba kachanganyikiwa anadhani kuna ugonjwa umeingia au mpishi anaiba. Nikazunguka jikoni, nikaangalia choo, nikauliza kuhusu kuharisha, nusu siku imeisha. Kumbe mizani ilikuwa imehamishwa toka kwenye vigae ikawekwa juu ya kapeti ya sebuleni ili wazee wasisikie baridi miguuni! Huruma yote hiyo, na namba zote takataka. Iweke kwenye sakafu ngumu iliyonyooka, isihamishwe, na kila kabla ya kupima ijaribu kwa kitu unachokijua uzito wake, mfuko wa sembe wa kilo 10 ambao haujafunguliwa unatosha. Ikisoma 10 endelea, ikisoma 9 tafuta betri au mizani nyingine, na uandike kwamba umeijaribu.

Asiyeweza kusimama, kama mnaweza kupata mizani ya kiti au ile pana ya kupandisha kitimwendo, pima kiti kitupu kwanza, kisha na mzee, utoe. Kuna watu wanambeba mzee mgongoni wanapanda wote halafu wanatoa uzito wa mbebaji, mi siipendi, nimeona mtu akiteleza. Na miguu iangalie kila mara, bonyeza kwa kidole juu ya kifundo, ukiona shimo linabaki ujue kuna maji, andika pembeni ya uzito. Mzee anaweza kupoteza misuli kilo 3 na akajaza maji kilo 3, mizani ikasoma vilevile mwezi mzima, hapo huna mtu aliyenakili na bado namba inakudanganya. Kinyume chake, akianzishwa Lasix, ile dawa ya kutoa maji mwilini, kilo zitashuka kwa siku chache na siyo njaa hiyo, ni mkojo.

Urefu nao uko kwenye mafaili mengi kwa kukisia, au umetoka kwenye kumbukumbu za zamani kabla mgongo haujapinda. Mzee aliyepinda usimsimamishe ukutani. Mnyooshe mkono mmoja pembeni usawa wa bega, chukua futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, anzia kwenye kile kishimo cha chini ya koo katikati, nenda mpaka kwenye upenyo kati ya kidole cha kati na cha pete. Kwa mwanamke zidisha sentimita ulizopata kwa 1.35 kisha ongeza 60.1, kwa mwanaume zidisha kwa 1.40 uongeze 57.8. Tuseme bibi kapata 70, urefu wake unakuja kama sentimita 154.6.

Hapa nataka uone kitu. Kwa urefu huo na kilo 46.5, BMI yake (kilo ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ni kama 19.5. Ukiiangalia kwenye ile chati ya ukutani ya watu wazima, ambayo wembamba unaanzia chini ya 18.5, bibi yuko kwenye kijani, salama kabisa! Mtu aliyepoteza moja ya kumi ya mwili wake. Ndo maana kwa wazee kipimo cha siku moja peke yake hakitoshi, tunataka alikotoka, na alikotoka ni kwenye faili, na faili ndo hilo.

Fomu uliyoniuliza, tumia MNA ile fupi (Mini Nutritional Assessment, fomu ya kukagua lishe ya mzee), imetengenezwa kwa ajili ya watu wa miaka 65 na kuendelea na ina maswali sita tu. Inauliza kama kula kumepungua miezi mitatu iliyopita, amepungua kilo ngapi, anatembea kiasi gani, kama amepata ugonjwa mkali au mshtuko mkubwa, hali ya akili kwa maana ya kusahau au sonona, na mwisho BMI. Jumla ni alama 14. Akipata 12 mpaka 14 yuko vizuri, 8 mpaka 11 yuko hatarini, 7 kushuka chini ana utapiamlo. Tumjaribu bibi yako kwa kukisia, utanisahihisha: anakula pungufu kiasi, 1. Amepungua zaidi ya kilo 3, sifuri. Anatoka kitandani ila hatoki nje, 1. Hajaugua ghafla, 2. Anasahausahau kidogo, 1. BMI kati ya 19 na 21, alama 1. Jumla 6. Yule wa kwenye kijani ukutani ana utapiamlo.

Swali la kupungua kilo lina jibu la "hajui" na lina alama yake, 1. Yaani waliotengeneza fomu walijua kuna siku hutajua, hawakutaka ukisie. Na kama BMI haipatikani kabisa kuna njia ya pili, zungusha ileile futi kwenye kigimbi, lile shavu la mguu chini ya goti, pale penye unene kuliko pote, chini ya sentimita 31 ni sifuri, 31 na kuendelea ni 3. Tumia moja, siyo zote mbili, na mguu uliovimba usiupime utajidanganya. Jaza akiingia, rudia kila miezi mitatu, na aliye hatarini apande mizani kila wiki badala ya kila mwezi.

Ndugu watakuambia wapeleke damu wapime albumini, protini moja ya kwenye damu. Daktari akiitaka sawa, ila isiwe ndo kipimo chenu cha lishe, inashuka mtu akiwa na maambukizi hata kama anakula vizuri, na anayekufa njaa taratibu inaweza kubaki ya kawaida muda mrefu.

Tuje kwenye "amekula vizuri", sentensi inayonikera kuliko zote. Vizuri ni nini? Kwa mhudumu mmoja ni kwamba hakutema, kwa mwingine ni kwamba sahani ilirudi tupu. Nimewahi kukaa kwenye chumba cha chakula mchana mzima nikimuangalia bibi mmoja, sahani yake kila siku inarudi nyeupe na daftari linasema kamaliza, na anakonda. Alikuwa anameza wali na mchuzi, vipande vya nyama anavitoa mdomoni polepole kwa kona ya kanga, anashusha mkono chini ya meza, paka yuko pale anasubiri. Meno yalikuwa yanamuuma, akaona haya kusema. Yule paka ndo alikuwa na afya kuliko wote pale ndani. Kwa hiyo andikeni kilichobaki na kilikuwa nini: wali kamaliza, samaki nusu, mchicha hakugusa. Robo, nusu, robo tatu, chote, inatosha kabisa hamhitaji gramu. Iandikwe sahani inapoondolewa mezani, siyo saa mbili usiku mtu anakabidhi shifti anajaza siku nzima kwa kumbukumbu. Kwa bibi yako fanya hivyo siku tatu na moja iwe Jumapili, siku ndugu wanakuja na pilau na soda, maana hicho nacho ni chakula na hakiandikwi popote.

Maji vilevile. Wazee kiu inapungua, na joto letu la Dar unalijua. Kwa ujumla vinywaji vya siku kwa mwanamke mzee visipungue lita 1.6, mwanaume lita 2, chai na uji vikiwemo, isipokuwa kama daktari amempangia kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Jaza kikombe chenu kwa chupa ya maji ya nusu lita ujue kinabeba kiasi gani, kuanzia hapo mnaandika vikombe tu.

Ukishapata picha ya siku tatu ndo unajua pa kuongeza. Kwa kilo zake anahitaji walau gramu 47 za protini kwa siku na kalori kama 1,400, na uji mwepesi wa maji na sukari hauwezi kumfikisha, unamjaza tumbo tu. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8. Uji upikwe na maziwa na karanga zilizosagwa, maharage yapondwe, samaki achambuliwe, parachichi, mtori wenye nyama iliyosagwa, milo midogo sita badala ya mitatu mikubwa. Kama ana sukari au figo, upange na mtaalamu kwanza.

Kuna mzee mmoja au wawili kati ya hao 19 labda wako mwishoni kabisa, familia inajua na daktari amesema. Hao sipendi wapandishwe mizani kila mwezi kwa ajili ya faili. Andika kwamba mmekubaliana kuacha, nani kakubali na lini, mlisheni anachokitaka. Na anayekataa kupimwa leo ana haki yake, muulize kesho.

Halafu acheni kupiga picha chati za wazee na kuzirusha kwenye grupu la WhatsApp la kazini, najua mnafanya. Toka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti kisheria, na yule mtoto wa Mwanza hasira zake zingekuwa mbaya zaidi angekuta kilo za mama yake zinajadiliwa huko. Yeye mwenyewe mpigie simu kabla hajakupigia. Mwambie ukweli, kwamba vipimo vya miezi ile havina uhakika, inaonekana vilinakiliwa, hiki ndo tulichopima leo asubuhi, daktari anamuona siku fulani. Atakasirika, na ana haki. Muulize pia mama yake alikuwa anapenda kula nini nyumbani, hilo faili lenu halina.

Kama hamna mtaalamu wa lishe, nenda ofisi ya mganga mkuu wa manispaa yenu, iwe Kigamboni au Ubungo au popote mlipo, uulizie afisa lishe, ni kazi yake na unaweza kumuomba aje awafundishe wahudumu kupima kwa vitendo nusu siku. Bibi mpelekeni hospitali ya serikali kama hela inasumbua, hospitali nyingi zina dirisha la wazee wa miaka 60 na kuendelea. Ukienda beba faili lenyewe, na ule ukurasa wa 52 usiung'oe.